Masikio ya Sungura

Fundi Lechipya ana chumba nyuma ya duka la saa,
Barabara ya Saba, Dodoma mjini:
meza moja, taa ya shingo ndefu,
na kitambaa cheusi asichoruhusiwa mtu kukigusa.
Hapo sarafu hulazwa kama mgonjwa.
Huishika ukingoni, kwa kucha tu,
na lenzi humezwa na jicho lake.

Nilimpelekea sumni,
ile ya sungura,
iliyolala miaka na miaka katika kibuyu kilichokuwa cha samli
nyumbani kwa shangazi yangu Mbeleje, kule Mvumi.

Sungura huyu hana masikio.
Siku ile kiwandani kipande cha chuma kiliteleza,
chapa ikashuka pembeni:
mwili ukapigwa, miguu ikapigwa,
masikio yakabaki nje ya dunia.
Palipopasa kuwa na masikio pana mwezi mchanga, mtupu,
chuma ambacho hakikuambiwa kitu.
Sungura ni sungura. Hata nyundo aliikwepa.

Lechipya alicheka kwa pua.
"Mwaka unasomeka. Hilo ni jambo.
Pigo la pembeni lisilo na mwaka ni kioja tu,
lenye mwaka lina ukoo."
Kisha akanifundisha bila mimi kuuliza,
maana mteja wa mwisho alikuja juzi:
mstari ulioinuka ni ufa wa chapa, sarafu imezaliwa nao;
mstari uliozama imeupata huku kwetu.
Herufi pacha, ukingo uliokatwa kama andazi lililoumwa,
hayo ni ya tumboni, yana watu wake wa kuyalipia.
Ila pigo hafifu litakushusha ngazi,
hata kama hujawahi kuingia mfukoni mwa mtu.
"Si haki," alisema, "lakini ndivyo."

Kipimo huanzia moja, huishia sabini.
Sabini hajawahi kuiandika kwa mkono wake.
"Hii," akainamisha taa, "ningeipa sitini na..."

Akanyamaza.
Nje muuza zabibu alipita akitaja bei,
akarudi, akaitaja tena, imeshuka.

"Nani ameisugua?"

Kwenye mwezi ule mtupu, na zaidi pale,
lenzi ilinionyesha mistari myembamba, mamia,
iliyozama, yote ikielekea upande mmoja
kama shamba lililolimwa na mtu mwenye haraka ya mvua.
"Jivu," akasema. "Jivu na gunzi. Mtu mwenye bidii."
Akaandika kwenye karatasi:
*Kosa la kiwandani, halisi. Imesafishwa.*
Mahali pa namba akapiga kistari.
"Kosa la mashine nalinunua. Usafi siununui."

Hasira yangu niliipanga njia nzima,
vumbi likiingia dirishani na kutoka upande wa pili.
Niliipanga vizuri, ilikuwa na mwanzo na mwisho.
Shangazi alikuwa anachambua mlenda.

"Wamesemaje?"
"Wamesema imesafishwa."

Akanitazama, si kwa aibu,
kwa mshangao wa kusikia watu wazima, tena wa mjini,
wanalalamikia kitu kusafishwa.
"Mimi sikuwa nasafisha," akasema.
Kidole gumba chake kilikuwa bado na weusi wa jivu
kwenye mikunjo, na ukucha umelika upande.
"Nilikuwa namtafuta masikio.
Nikasema, mnunuzi asije akadhani tumeyala sisi.
Nimesugua mpaka jogoo wa pili.
Kumbe hayapo?"

"Hayapo, shangazi."

"Hata kwa ile miwani yao?"

"Hata kwa miwani."

Akarudi kwenye mlenda wake,
akatupa bua moja, akatupa la pili.
"Basi ndiyo maana hakusikia
walipomwambia akae katikati."